Namba Saba Haina Chombo

Hanifa binti Abdul alizaliwa na ugonjwa wa kuuliza. Alipokuwa bado mdogo aliwahi kukifumua kitasa cha mlango wa mbele ili ajue ufunguo unaambiana nini na chuma mle ndani, na familia nzima ikashinda imefunga mlango kwa kamba. Mama yake, Mwanaidi, hakumchapa. Alisema tu, "Sasa kirudishe," na Hanifa akakalia kile kitasa mpaka kikarudi mahali pake, kikafunga na kufungua kama zamani, ila skrubu moja ikabaki mkononi. Ile skrubu anashangaa nayo mpaka leo.

Kwa hiyo hakuna jirani yeyote wa Mabatini, pale Mbeya, aliyestaajabu aliposikia binti huyu amekwenda Iringa kusomea kutengeneza programu za kompyuta. Huko alikaa Miomboni kwa mjomba wake Isihaka, mfanyabiashara wa khanga. Wala hawakustaajabu kwamba kazi yake ya kwanza ya maana hakuifanyia benki wala kampuni. Aliyafanyia masufuria ya kikundi cha mama yake.

Kikundi chenyewe kiliitwa Tushikane. Kilikuwa cha wanawake wa mtaa, Waislamu na Wakristo, na kiingilio chake hakikuwa fedha. Mtu aliingia na chombo kimoja kikubwa: sufuria ya pilau, sinia, karai la chapati, birika la chai la kunywesha msafara. Chombo kilipigwa namba chini kwa rangi ya kucha, kikawekwa stoo, na kuanzia siku hiyo kilimtumikia kila mtu, awe na harusi, hitima, ubatizo au kipaimara. Siku mwenyewe akifariki, chombo chake kilitumika kwa mara ya mwisho katika karamu ya msiba wake, kisha kikaenda nyumbani kwa watoto wake. Namba yake haikupewa mtu mpaka mwaka uzunguke. Palibaki patupu kwenye rafu. Aliyejaribu kupasemea alikutana na mwenyekiti, Bi Mwanakhamisi, bibi wa Kiswahili mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. "Kaburi halijakauka," alikuwa akisema, "mnataka kugawa namba yake?"

Mtunza stoo alikuwa Tekla, mama wa Kihehe kutoka upande wa Tosamaganga, Mkatoliki wa kweli, ambaye ufunguo wa stoo aliuning'iniza shingoni pamoja na rozari. Nyumba yake na ya kina Hanifa zilitengwa na ukuta mfupi. Kila asubuhi Tekla alipopita na ndoo zake alisimama hapo ukutani, akasema, "Kamwene, Mwanaidi," na Mwanaidi, ambaye alikulia Iringa, akajibu, "Kamwene." Kihehe cha Mwanaidi kiliishia hapohapo, lakini urafiki wao haukuhitaji zaidi.

Hanifa alikuwa amechoka kuwaona wanawake hawa wakipigiana simu kutwa kuulizana karai liko kwa nani. Akaona hapa pana kazi. Kila chombo alikifanya kitu kamili ndani ya kompyuta, kitu chenye mambo yake tumboni: jina, namba, mwenyewe, na mahali kilipo. Kisha vitu hivyo akavipanga kwenye safu moja, kila kimoja na nafasi yake kwa kufuata namba, kama watu waliopanga foleni. Ukitaka kutafuta, programu ilianza na wa kwanza, ikamuuliza, wewe ndiye sinia la shaba? Akikataa, ikaenda kwa wa pili, na wa tatu, mpaka mmoja akubali kwamba ndiye. Hapo ilisoma mahali alipo na kukuletea jibu. Ikimaliza bila wa kuitikia, iliandika neno moja: Hakipo.

Programu ilifunguka kwenye simu ya kila mwanachama. Tekla alipotoa chombo, aliandika kimekwenda wapi. Lakini kukiingiza chombo kwenye safu, au kukiondoa moja kwa moja, hilo lilikuwa la Hanifa peke yake. Wanawake waliipenda kupita kiasi. Ndani ya miezi michache hakuna aliyekumbuka kitu tena, vichwa vyote vikapewa likizo.

Basi, Alhamisi moja mchana, Hanifa akiwa chumbani kwake Miomboni na sahani ya wali maharage mbele yake, simu iliita. Alikuwa Alinanuswe, katibu wa Tushikane, mama wa Kinyakyusa mwenye sauti ya kuitia watu walio ng'ambo ya mto.

"Hanifa! Tuko stoo hapa. Nimeweka spika, wote tunakusikia."

"Shikamooni."

"Marahaba, mama. Sasa sikia. Sinia la bibi halionekani."

Hakuhitaji kusema sinia gani. Bi Mwanakhamisi alikuwa na sinia moja tu la kusemwa, la shaba, lililotoka Kilwa na bibi yake mzaa mama. Kila bi harusi wa ukoo ule alilishwa humo siku ya nikaha yake, na Jumapili ile mjukuu wake alikuwa anaolewa. Bila sinia lile, Bi Mwanakhamisi alikuwa amekwisha kutangaza, hiyo si harusi, ni watu wamekula wali.

"Tumepekua stoo mpaka chini ya mikeka," Alinanuswe aliendelea. "Na simu zetu zote zinaandika Hakipo."

"Mama Tekla yupo hapo?"

"Nipo, mwanangu." Sauti ya Tekla ilitoka mbali, kama mtu aliyesimama mlangoni.

"Ulilitoa, mama?"

"Niliandika," Tekla akasema. "Kila ninachokitoa ninaandika. Wewe tafuta tu, utaona."

"Ulimpa nani?" Hiyo ilikuwa sauti ya Bi Mwanakhamisi, na haikuwa na asali.

"Bibi, mimi niliandika. Mwacheni Hanifa atafute."

Hanifa akasogeza sahani, akafungua kompyuta, akatafuta sinia la shaba. Hakipo. Akarudia. Hakipo.

Hapa ndipo msichana mwenye akili alipofanya ujinga, na si ujinga mdogo.

"Kompyuta haidanganyi," alisema. "Lingekuwa limeandikwa, lingeonekana."

Alilisema kwa uchangamfu kabisa, akiitetea programu yake kama mama anavyomtetea mwanawe kwa jirani kabla hata ya kuuliza kosa ni lipi. Hakufikiri neno lile litatua wapi. Lilipotua alilisikia. "Basi," alisema Alinanuswe. "Mama Tekla, lete ufunguo." Halafu zikasikika shanga za rozari zikigongana, mtu akihangaika kufungua fundo nyuma ya shingo yake. "Haya," Tekla akasema, hilo tu. Nyuma kabisa mwanamke mwingine akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Lisemwalo lipo," na simu ikakatika.

Hanifa akaurudia wali, lakini akaishia kuuchorachora kwa kijiko. Mwanzoni alidhani ni huruma tu. Tekla alimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea, na sasa mtaa mzima ungemwita mwizi kabla ya jua kuchwa. Lakini chini ya ile huruma palikuwa na kitu kingine kinachomtekenya, swali dogo lisilokaa kitako.

Sinia lile aliliingiza yeye mwenyewe kwenye safu. Alikumbuka siku yenyewe: yeye amekaa kwenye mkeka stoo na kompyuta mapajani, mama yake akipindua vyombo na kusoma namba. "Kumi na tisa, sinia la shaba, la Bi Mwanakhamisi. Andika vizuri, asije akatugombeza." Aliandika vizuri. Sasa, tuseme Tekla amelichukua sinia akaliuza sokoni Mwanjelwa bila kuandika lolote. Programu ingejibuje? Ingejibu kwamba sinia la shaba lipo stoo. Lingekuwa jibu la uongo, lakini lingekuwa jibu. Mwizi anaweza kuondoka na sinia kwapani, ila hawezi kuliondoa kwenye safu. Mwenye ruhusa hiyo ni Hanifa peke yake, na Hanifa hakuliondoa.

Basi limekwendaje?

Moyo ulimwenda mbio. Ulikuwa wa hofu, na tusimfiche, ulikuwa na raha kidogo ndani yake, ile raha ya kitasa. Akasukuma sahani pembeni kabisa, akaanza kuihoji programu yake kama hakimu.

Birika kubwa? Lipo Soweto, palepale Mbeya, kwenye kipaimara. Vizuri. Karai la chapati? Lipo stoo. Vizuri tena. Kwa hiyo programu nzima. Pipa la maji?

Hakipo.

Hanifa akacheka peke yake. Pipa lile halijawahi kuondoka mlangoni pa stoo tangu liingie, kwa sababu hajazaliwa wa kulibeba. Hata wambea wa Mabatini wasingethubutu kusema Tekla amelitia kwapani. Akatafuta jiko la mkaa la Alinanuswe mwenyewe. Hakipo. Sufuria ya makande. Hakipo. Vingine vinaitika, vingine vimekufa ganzi, na vyote vimeandikwa na mkono uleule mmoja, siku ileile moja.

Akaiongezea programu agizo dogo: itaje kila inayemuuliza, ili aisikie inavyokwenda. Kisha akatafuta tena sinia la shaba na kusogeza uso karibu na kioo. Programu ikaanza na karai, namba moja. Ikaenda ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Ikafika birika kubwa, namba sita. Kisha, bila kutaja mwingine, ikaandika Hakipo. Iliwauliza sita ikarudi zake nyumbani.

"Saba," Hanifa alisema kwa sauti. Alikwisha kujua kabla ya kutazama.

Namba saba ilikuwa sufuria ya mama yake.

Mwanaidi alikwenda Iringa kutibiwa wakati wa baridi, akafia huko na kuzikwa huko. Hitima ya arobaini ilisomwa hapohapo Miomboni, nyumbani kwa Isihaka. Tushikane walikodi pikapu, wakapakia vyombo, wakaja, ila Bi Mwanakhamisi aliyebakizwa na magoti. Namba saba ikapika pilau ya mwenyewe kama desturi inavyotaka, na walipoondoka wakaiacha. Jioni ile ile Hanifa alifungua kompyuta na kuiondoa sufuria kwenye safu. Hakuweka kitu badala yake, maana desturi ilikataza. Akaiacha nafasi tupu, akaifunga kompyuta haraka ili asije akakaa kuitazama.

Lakini patupu pa kwenye safu si kama patupu pa kwenye rafu. Programu humuuliza kila mmoja jina lake, na ukiiuliza nafasi isiyo na kitu jina lake, programu yote huanguka chali. Hilo Hanifa alilijua tangu mwanzo wa masomo, na tangu mwanzo alikwisha kuweka kinga: ukifika patupu, simama. Darasani kinga ile ni sawa kabisa. Darasani safu hujazwa kuanzia mbele, mmoja baada ya mwingine, na nafasi tupu zote hukaa mkiani, kwa hiyo ukikuta patupu ujue umefika mwisho. Darasani hakuna anayefariki katikati ya safu.

Kumbe tangu siku ya arobaini vyombo vyote kuanzia namba nane vilikuwa palepale, vizima, kila kimoja na jibu lake tumboni, na hapakuwa na wa kuviuliza. Hakuna aliyegundua kwa kuwa tangu siku hiyo kikundi hakikuwa na shughuli kubwa, kilichoazimwa kilikuwa birika tu, na birika liko upande wa huku.

Hanifa akalia. Hakuona sababu ya kujizuia, mjomba alikuwa dukani. Alimlilia Tekla, akajililia na yeye. Maana hivyo ndivyo alivyokuwa akiishi tangu kipindi kile cha baridi: akifika kwa mama yake anasimama, na cha mbele yake hakiulizi tena.

Alipokwisha alinawa uso, akarudi kitini na kubadilisha neno moja. Palipoandikwa simama, akaandika ruka. Akatafuta.

Programu ikawauliza sita. Ikaruka. Ikamuuliza wa nane, wa tisa, wa kumi, ikashuka nao hivyo mpaka kwa wa kumi na tisa, na huyo akaitika:

Sinia la shaba. Mwenyewe: Bi Mwanakhamisi. Lilipo: Iringa, Miomboni, kwa Isihaka. Hitima ya Mwanaidi.

Tekla aliandika. Aliandika mpaka na jina la mtaa ambao Hanifa alikuwa ameukalia.

Nyuma ya nyumba ya Isihaka palikuwa na chumba cha mizigo, robota za khanga mpaka darini, na kwenye kona yake ilikaa sufuria namba saba, kifuniko juu, imefungwa kamba kama ilivyofungwa siku ilipooshwa. Isihaka alikuwa amekataza isiguswe mpaka Hanifa mwenyewe atakapotaka. Hanifa hakutaka. Ndoo ya kuogea ilikaa chumba hicho, naye kila asubuhi aliifuata huku uso ameugeuzia ukutani.

Sasa alipiga magoti, akafungua kamba, akainua kifuniko. Ilitoka harufu ya iliki, na sabuni nyuma yake. Ndani, limeviringishwa kwenye khanga kuukuu, lilikuwa sinia. Akalipindua. Namba kumi na tisa, kwa rangi nyekundu ya kucha, kwa mwandiko wa mama yake.

Isihaka aliporudi kuswali alasiri alimkuta amekaa sakafuni nalo.

"Hilo si ndilo tulilopakuliwa sisi wazee?" alisema. "Siku ile, upande wa wanaume. Mtu akasema, leo tumekula kama masultani. Kumbe lilibaki hapa?"

"Lilibaki, mjomba. Ni la Bi Mwanakhamisi, na mama Tekla wamemnyang'anya ufunguo kwa ajili yake. Yeye ndiye aliyelileta. Alijua liko huku. Kwa nini hakusema?"

Isihaka alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. "Angesemaje, mwanangu? Chombo kilichokwenda msibani hakidaiwi. Mwenyewe hungoja mfiwa akirudishe. Ukimdai ni kama unamwambia, haya, kilio chako kimetosha."

Hanifa, aliyeuliza kila kitu tangu kuzaliwa, hilo hakuwahi kulijua. Alikuwa hajawahi kuwa mfiwa.

Akapiga simu ya Tekla. Imezimwa. Akapiga tena baada ya magharibi, imezimwa. Yako maneno yasiyofaa kupitia kwa Alinanuswe na spika yake, kwa hiyo kulipokucha alipanda basi la Mbeya, sinia mapajani. Mafinga mbao mbichi za misonobari zilinukia mpaka ndani ya basi. Chimala wauza mchele wakanyoosha vibaba madirishani, na kondakta akauliza hilo duara alilolikumbatia ni nini.

"Sinia."

"La kuuza?"

"La kurudisha."

Alifika Mabatini jua limeinama. Uani kwa Bi Mwanakhamisi wanawake walikuwa wamezunguka wakipeta mchele wa Jumapili, maneno yamechanganya, na yeyote angejua yanamhusu nani. Hanifa hakukaa. Aliwaamkia, akalifungua sinia katikati yao, na shaba ikang'aa.

Nyungo zikasimama.

"Lilikuwa kwetu," akasema. "Mama Tekla alilileta kwenye hitima ya mama, na aliandika. Aliandika kila kitu. Mimi ndiye niliyeondoa sufuria ya mama nikaacha pengo, na programu ikifika kwenye pengo ilikuwa inasimama. Haikuuliza walio mbele."

"Kwa hiyo kompyuta ilidanganya," alisema Bi Mwanakhamisi polepole.

"Hapana, bibi. Ilisimama nilipoiambia isimame. Aliyesema haidanganyi ni mimi, na mimi sikuwa nimetazama."

Alinanuswe alitia mkono kifuani, akatoa ufunguo, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika hata kwa aliyekaa naye. "Nitampelekea," alinong'ona.

Bi Mwanakhamisi akanyoosha mkono. "Lete ufunguo huku. Jambo hili ni langu." Akajishika magoti, akainuka, na wote wakaacha mchele wakamfuata.

Walimkuta Tekla uani kwake anapukuchua maharage. Rozari ilikuwa shingoni, peke yake. Aliuona msafara unaingia, akaona anayeutangulia, akasimama haraka na maganda yakamwagika.

"Tekla," alisema Bi Mwanakhamisi, mbele ya watu wote. "Nimekukosea. Nisamehe."

"Bibi, kaa kwanza. Magoti yako hayo." Akamvutia kigoda, akakipangusa kwa upindo wa khanga, na mpaka bibi alipokaa vizuri ndipo akaupokea ufunguo kwa mikono miwili.

Hanifa alichuchumaa mbele yake. "Mama, ulijua liko wapi."

"Nilijua. Si mimi niliyelifunga na ile khanga, lilipochelewa kutoka kwa wanaume na pikapu imekwisha kujaa?"

"Sasa mbona ulinyamaza? Ungeniambia hata mimi peke yangu."

Tekla aliyatazama maharage. "Nikudai wewe, Hanifa? Hata mwaka haujazunguka? Mdomo wangu haukuweza. Nikasema, si niliandika? Mashine haina haya, haijui msiba wala nini, itanisemea. Hanifa ataona mwenyewe, atalirudisha taratibu, yaishe. Nikangoja iseme." Akatikisa kichwa. "Ikasema halipo."

Hanifa alitaka kumweleza kinga, na pengo, na safu. Alifungua mdomo, kikatoka kitu kimoja tu. "Nisamehe, mama."

"Wewe nilikusamehe palepale. Ufunguo ndio ulioniuma. Shingo nyepesi hivi, usingizi utatoka wapi?" Alikuwa ameanza kuufunga tena kwenye rozari, na vidole vyake vikasimama katikati ya fundo. "Hebu niambie. Sasa ikifika pale kwa Mwanaidi, inafanyaje?"

"Inaruka. Inakwenda namba nane."

"Inaruka." Tekla hakulipenda neno hilo, ilionekana usoni. "Inapita hivihivi, bila kusema?"

"Hapana kitu pale, mama. Haina wa kumuuliza."

"Najua hapana kitu. Mimi nikipita na ndoo zangu ukutani kwenu sasa, kuna mtu? Hakuna mtu. Na bado ninasalimia."

Hanifa akamtazama. Hakujua. Siku zote zile, asubuhi, kwenye ukuta ule, na nyumba imefungwa. Machozi yalimjia tena, lakini safari hii nyuma yake lilikuja na swali, swali zuri lenye kumtekenya: je, inawezekana? Akalipima kichwani. Inawezekana, tena kwa mstari mmoja. Akakaa chini kwenye maganda ya maharage, akafungua kompyuta, wanawake wakamwinamia mabegani, na palepale aliposema ruka, kabla haijaruka, akaiwekea programu jambo la kufanya.

"Haya, mama. Jaribu."

Tekla akawasha simu yake iliyozimwa tangu Alhamisi. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, sinia la shaba, akabonyeza. Kioo kikafikiri kidogo. Kisha yakatokea maandishi, na mstari wa juu kabisa, kabla ya chombo chochote, ulisema: Kamwene, Mwanaidi.

"Kamwene," Tekla akaitikia kwa sauti, kama mtu aliyesimama ukutani. Halafu akasogeza simu mbali na macho yake, akasoma sinia liko wapi.

"Hapa si kweli tena," akasema. Akafuta Iringa, na kwa kidole kilekile kimoja akaandika: Mabatini, kwa Bi Mwanakhamisi, harusi.